Sura ya Tisa: Maji Ambayo Hayakumwagwa

"Gari uliliosha wapi?"

"Nyumbani, madam. Nimesema mara ngapi?"

"Sema tena."

Mulinge alihema kama mwalimu aliyechoshwa na mtoto mzito wa hesabu. "Nyumbani kwa mama. Jumapili, saa kumi na moja jioni hivi. Nilikuwa nimetoka Kitui, vumbi imenijaa mpaka kwa masikio. Nikachota maji, nikachukua sabuni, nikaosha gari yangu na mikono yangu. Siku hizi hiyo ni makosa?"

"Kitui ulienda kufanya nini?"

"Kuona ng'ombe wa kununua. Sikupenda."

"Ulienda na nani?"

"Na Mungu."

Akafungua chupa ya maji aliyoletewa na wakili wake, akanywa nusu, akaiweka mezani na kuisahau. Inspekta Wangui hakuwa mtu wa kupiga watu, lakini mchana huo mkono ulimwasha. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, Jumanne. Mulinge alikuwa amekamatwa Jumatatu saa kumi jioni. Saa kumi ya leo ikifika, sheria ilitaka awe mbele ya hakimu au awe njiani kwenda nyumbani, na mwendesha mashtaka alikuwa ameshasema kwamba hana hata uzi wa kupeleka kortini. Wakili mwenye tai ya kijani alikuwa ameketi nje tangu asubuhi, akisoma gazeti kwa raha zake.

Aliyepotea ni Kasyoka, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, mwimbaji wa kwaya. Jumapili baada ya ibada alitoka nje kidogo kuongea na mtu, mkoba wake akauacha kwenye benchi la kwaya. Hakurudi. Mama mmoja muuza ndizi aliona Probox nyeupe ikisimama kando ya barabara, mlango ukafunguka, ukafungwa. Namba hakuisoma. Na Probox nyeupe pale Makindu ni kama mbuzi, kila boma lina yake.

Ila Mulinge ndiye aliyekuwa na sababu. Wiki tatu zilizopita Kasyoka aliwaambia wazazi wake warudishe mbuzi wa ntheo, wale ambao Mulinge alikuwa amewapeleka kwao kumposa. Mbuzi wakarudishwa mchana kweupe, wakapitishwa katikati ya soko, na watu wakacheka. Mulinge hakucheka.

Gari lake lilikaguliwa Jumatatu usiku na mtaalamu aliyetumwa kutoka Machakos. Halikuwa na kitu. Mati zilikuwa zimesuguliwa, buti limesuguliwa, hata madigadi kwa ndani yalikuwa yakimeta. Mtaalamu alitoka chini ya gari akijipangusa magoti, akasema hajawahi kuona gari la Ukambani lililo safi namna ile wakati wa kiangazi.

Wangui alifunga faili, akatoka.

Kwenye korido alikuwepo Nzisa, mama yake Kasyoka. Alikuwa pale tangu Jumapili jioni. Alikataa kiti, akaketi sakafuni na miguu ameinyoosha, na mkononi alishika kitu kidogo cha buluu. Ilikuwa inhela ya bintiye. Kasyoka alikuwa na pumu tangu utotoni, na inhela ilikutwa ndani ya mkoba ule ule uliobaki kanisani.

"Amesema?" Nzisa aliuliza.

"Bado, mama."

"Vumbi ndiyo mbaya kwake. Vumbi na kulia. Akilia inamshika." Aliigeuza inhela kiganjani. "Sasa si lazima analia, madam?"

 Wangui alichuchumaa mbele ya yule mama, akamshika goti, na moyoni akajiambia ukweli ambao hakutaka kuusikia: siku mbili zimepita, nami nimepoteza moja nzima.

Aliipoteza hivi. Jumatatu jioni alikwenda nyumbani kwa Mulinge, maili mbili nje ya mji, akaukagua uwanja wote kwa tochi na kwa macho. Ulikuwa mkavu kama unga. Hapakuwa na tope, wala doa la sabuni, wala alama ya maji kupita. Akakata shauri kwamba Mulinge anadanganya, gari halikuoshewa pale. Basi lilioshwa mahali pengine, na aliyeliosha angejua lilikuwa limechafuka nini. Kuanzia alfajiri ya Jumanne alipita vibanda vya kuosha magari vyote kando ya barabara ya Mombasa, kimoja baada ya kingine, picha mkononi. Hakuna aliyeiona ile Probox. Alirudi saa tano na viatu vyake tu ndivyo vilivyopata cha kuonyesha.

Land Rover ya kituo iliingia uani kwa kishindo. Koplo Kyule alishuka, mfupi, mzee wa kazi, mzaliwa wa huko huko, uso wote umejaa vumbi jekundu la Kitui. Alikuwa ametumwa huko tangu Jumatatu jioni kufuatilia yule ng'ombe.

"Hakuenda," alisema kabla ya kusalimu. "Soko ya ng'ombe haikuwa Jumapili. Na hiyo boma alisema, mwenyewe hajauza ng'ombe mwaka huu. Huyu kijana anatuchezea."

"Hiyo inatosha kumshika kwa uongo. Haitoshi kumpata Kasyoka." Wangui alimweleza habari za uwanja mkavu na vibanda vya barabarani. Kyule alisikiliza akiwa ameshika mlango wa gari. Alipofika kwenye lile la tope na alama ya maji, koplo aliinua mkono.

"Ngoja, madam. Wewe ulikuwa unatafuta maji imemwagwa?"

"Gari limeoshwa, Kyule. Maji lazima yaende mahali."

"Kwenu Nyeri, kwa mvua nyingi, yanaenda mahali." Hakuwa akimcheka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyumba inaungua. "Hapa mtungi mmoja unakuja na punda kutoka mbali, na mvua tumeisahau. Hapa nani anamwaga maji? Mtoto akinawa, maji yanakingwa. Mtu akiosha gari, yanakingwa."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wangui aliujua msemo huo tangu shule ya msingi. Kumbe kulikuwa na watu ambao waliuchukua kama amri.

"Washa gari," alisema. Kisha akarudi mbio kwenye korido, akapiga magoti mbele ya Nzisa. "Mama, nipe hiyo inhela."

Nzisa alimtazama kwanza usoni kwa muda mrefu, ndipo akamkabidhi.

 Njiani Kyule alisema, "Mama yake Mulinge anaitwa Kaluki. Namjua, tunaabudu pamoja. Hawezi kusema uongo. Lakini damu ni nzito kuliko maji, madam. Ukimwambia ni kwa nini tumekuja, atanyamaza."

"Nisipomwambia nitakuwa nimemwibia."

"Basi mwambie mwisho."

Walimkuta Kaluki akipepeta pojo mlangoni, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani. Kyule alimwamkia kwa Kikamba, akamwita mwaitu, mama yangu, akauliza habari za mbuzi na za mguu wake mbaya. Wangui alisimama nyuma akiuma midomo. Adabu ile ilichukua dakika nne na kila dakika ilimchoma.

"Mwaitu," Kyule akasema hatimaye, "Mulinge aliosha gari hapa Jumapili?"

"Aliosha. Nilimkataza. Nikamwambia mwana wakwa, mwanangu, leo ni siku ya Bwana, gari haina roho, ingoje kesho. Akakataa. Na hata huwa haoshi mwenyewe, hupeleka mjini." Alinyoosha kidole kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, kando ya nyumba. "Aliweka pale."

Wangui alikuwa ameipita sakafu ile Jumatatu bila kuifikiria. Sasa aliinama. Ilikuwa imejengwa na mteremko mdogo kuelekea pembe moja, na kwenye pembe hiyo palikuwa na shimo lililokatwa sawasawa na ukubwa wa karai.

"Hapo ni pa nini, mama?"

"Pa kukinga. Mvua ikinyesha, maji ya sakafu yanaingia kwa karai. Na yeye aliweka karai vile vile, amezoea tangu akiwa mdogo. Likijaa anamwaga kwa pipa, analirudisha."

"Pipa gani?"

"Si lile kwa mipapai."

Lilikuwa nyuma ya jiko, karibu na mipapai mitatu iliyokondeana, limefunikwa kwa gunia na gunia likafungwa kwa kamba. Nyuki walikuwa wameligubika wakitafuta unyevu. Wangui alikuwa ameliona Jumatatu akadhani ni maji ya kunywa.

"Bado yapo?" Wangui aliuliza.

"Yapo. Sabuni inachoma mizizi. Lazima itulie siku tatu, ndio unachota ya juu unapatia mpapai. Nilikuwa nimwagilie kesho." Kaluki alisita. "Yeye aliniambia nimwage. Aliniambia, mama, hayo mwaga mbali, sabuni ni kali. Nikasema sawa. Alipoenda kuoga nikafunika."

Miaka thelathini na minne Mulinge alikuwa mwana wa mama yule, na bado aliamini angemwaga maji.

Wangui alilishika pipa alipindue. Kyule akamdaka mkono.

"Ukipindua utachanganya. Kilicho chini kimekaa vile kilianguka. Tuvute na mpira wa maji."

"Hatuna muda!"

"Tukichanganya hatuna kitu."

Wakavuta kwa mpira. Maji ya kijivu yalitoka polepole, na Kaluki, ambaye bado hakuwa ameambiwa lolote, alileta ndoo, sufuria na beseni, akavipanga kimoja kimoja ili lisipotee tone. Wangui aliliinamia pipa lile akihesabu pumzi zake mwenyewe. Saa saba na robo. Saa saba na nusu. Alipiga picha kila maji yaliposhuka kiganja kimoja, akaandika saa, akamwomba Kyule atie sahihi. 

Kwenye ukingo wa ndani, maji yaliposhuka, yalibaki maganda membamba ya zambarau yaliyogandamana na bati. Alibandua moja, akalinusa.

"Kitunguu. Mama, haya ni ya jikoni kwako?"

"Kitunguu!" Kaluki karibu acheke. "Tangu mwezi wa nane napika na chumvi peke yake."

Chini kabisa palikuwa na tope. Wangui alitarajia vumbi jekundu, lile lililomjaa Kyule usoni. Alichota kwa kijiko cha chuma, akalitandaza juu ya gazeti. Lilikuwa jeusi, zito, la kunata. Ndani yake kulikuwa na vijiwe vyeusi vyenye vitundu, vyepesi kama makaa. Kyule alikisugua kimoja baina ya vidole.

"Hii si Kitui."

"Ni wapi?"

"Mawe ya kuchomeka, ya ile milima ya Chyulu ilitema moto zamani. Upande wa Kibwezi yako mengi." Alipitisha kidole kwenye lile tope. "Na kiangazi hiki tope inatoka wapi? Ni mahali wanafungulia maji shambani. Tope nyeusi, mawe ya Chyulu na vitunguu. Ni shamba la kunyunyizia, karibu na mto."

"Mashamba ya vitunguu Kibwezi ni mangapi?"

Kyule alitikisa kichwa. Yalikuwa mengi mno, naye alijua kwamba Wangui anajua.

Kaluki alikuwa akitazama lile tope kwenye gazeti. Uso wake ulibadilika taratibu. Aliweka beseni chini.

"Mmeniambia ni habari ya gari," alisema. "Mwenye gari amefanya nini?"

Kyule alitazama miguu yake. Wangui aliona kwamba mwisho umefika, akasema.

"Mama, Kasyoka amepotea tangu Jumapili. Mulinge alimchukua na gari lake. Naamini amemfungia mahali, na hajasema ni wapi. Ana pumu, na dawa yake ni hii hapa. Siku mbili sasa. Kama hana maji, leo ni siku yake ya mwisho."

Kaluki hakulia. Alisogea hadi kwenye pipa, akaushika ukingo kwa mikono miwili. Tope lote lilikuwa bado mle ndani. Kusukuma mara moja tu, lingemwagika vumbini, kuku walipekue, na wakili mwenye tai ya kijani angeuliza kortini, ushahidi gani? Wangui alikuwa hatua nne kutoka pale. Hakusogea. Alijua akimrukia mama yule atapata pipa na kumkosa Kasyoka.

"Huyo msichana," Kaluki alisema, "alikuja hapa siku ile mbuzi walirudishwa. Wengine walipita wakicheka. Yeye aliingia, akapiga magoti, akaniambia, mwaitu, si wewe nimekataa." Ukingo wa pipa ulilia chini ya mikono yake. "Mungu wangu. Mungu wangu, mwana wakwa."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na pale palikuwa na wana wawili. Wangui alingoja. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

"Kaka yangu Nyamai alikuwa analima vitunguu Kibwezi," Kaluki akasema, akiliachia pipa. "Alikufa mwaka jana. Shamba inapakana na mawe meusi, ukishapita mfereji. Kuna stoo ya mabati. Ufunguo Mulinge ndiye anaweka."

Kyule alikuwa ameshakimbilia gari. Wangui alifunga kijiko na tope katika chupa, akageuka kuondoka, lakini Kaluki alimwita. Alitoka chumbani na mtungi wa lita tano, akamwekea mkononi.

"Haya ni ya mvua. Nilikuwa nimeyaweka. Ya kisima yana chumvi, yatamchoma koo."

Walifika saa tisa kasorobo. Njia ya shamba ilikatwa na mfereji uliovuja, na hapo kwenye tope jeusi zilikuwepo alama za matairi, zimekauka, zinaingia na kutoka. Mbele yake yalianza yale mawe meusi, hayana hata nyasi, yakirudisha joto usoni kama mlango wa tanuri. Stoo ilikuwa peke yake katikati ya jua. Kufuli lilikuwa jipya.

"Kasyoka!" Wangui aliita. "Kasyoka, ni polisi!"

Hakukuwa na sauti. Kyule alivunja kufuli kwa chuma cha jeki, akahitaji mapigo matano, na kila pigo Wangui aliita tena.

Ndani palinuka vitunguu vilivyooza. Vumbi na maganda vilisimama hewani. Kasyoka alikuwa sakafuni, amelala kifudifudi, mdomo ameubana kwenye upenyo chini ya mlango ambapo hewa kidogo iliingia. Ndiyo sababu mlango uligoma kufunguka. Walimsogeza polepole. Midomo ilikuwa imepasuka, kucha zimevunjika, na kutoka kifuani mwake ilitoka filimbi nyembamba, mbali sana, inakatika, inarudi.

"Yuko hai," Kyule alisema. "Madam, yuko hai!"

Wangui alimwinua kichwa, akamtia inhela mdomoni, akabonyeza. "Vuta. Vuta, mama. Tena." Mara ya kwanza haikuingia. Mara ya pili kidogo. Mara ya nne kifua kiliinuka, na macho yakafunguka bila kuona.

"Alisema atarudi," Kasyoka alinong'ona. "Nikikubali."

Hasira ilimpanda Wangui hadi machoni. Tangu jana yule mtu alikuwa ameketi mbele yake na chupa ya maji aliyoinywa nusu, akijua. Angesema neno moja. Aliimeza hasira hiyo kwa sababu kulikuwa na kazi, akafungua mtungi wa Kaluki, akamimina kwenye kifuniko, kidogo kidogo, midomoni mwa yule msichana. Na mkono wake wa pili, bila kuambiwa na mtu, aliukinga chini ya kidevu chake. Matone yaliyomponyoka Kasyoka aliyarudisha tena kwenye kifuniko.

Wakati Land Rover ilipokuwa ikikimbilia hospitali, Kasyoka amelazwa kiti cha nyuma na kichwa chake mapajani mwa Wangui, simu ya kwanza ilipigwa kituoni. Nzisa aliposikia, alipiga yowe ambalo Kyule alilisikia mbele kwenye usukani. Wangui akaamuru Mulinge asitoke, na kwamba wakili aambiwe sasa kuna la kupeleka kortini.

Simu ya pili Kyule alimwomba ampigie Kaluki. Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mwaitu, tumempata. Anapumua."

 Kuku walisikika, na upepo kwenye mipapai.

"Alikunywa?" Kaluki aliuliza.

"Alikunywa."

"Asante Yesu." "Kyule, mwana wakwa. Na wangu, huko kwa seli. Leo amekula?"

 Kyule alimtazama Wangui kwenye kioo. Wangui aliinama karibu na simu.

"Alipewa chai na mkate asubuhi, mama," alisema. "Alimaliza yote."